Uzi Uliohesabu Damu Yangu

Kwanza mjue kwamba mimi si mtu wa kukaa. Jina langu ni Béa, nina miaka arobaini na mitatu, na tangu nimalize sekondari, ukitoa miaka ya ndoa, sijawahi kulala mwaka mzima chini ya bati moja. Nimeuza chumvi na sabuni Barumbu. Nimelima mpunga Bengamisa. Nimeolewa Banalia, na ni hapo hapo Banalia nilipoachika. Kila nilipofika mahali nilianza kukumbuka nilikotoka. Nikiwa Banalia nililia kwa ajili ya harufu ya moshi wa samaki wa kwetu Kisangani, kule kwenye maporomoko ambako papa, baba yangu, anatega. Nikiwa kwetu, nikisikia mota ya mashua inanguruma mtoni, miguu iliwasha.

Ninaandika kwa ajili ya wanawake wanaolala chini kila mwezi na kuambiwa kwamba ndivyo wanawake walivyo. Mimi nililala hivyo miaka ishirini na sita. Nitasema mambo ya mwili bila kuyafunika, maana kufunika ndiko kulikoniumiza.

Kwetu ni familia ya wavuvi. Mitego yetu ni vikapu vikubwa vya fito, vyenye mdomo mpana, vinavyofungwa kwenye nguzo za miti katikati ya maji yanayokimbia. Katika nyumba yetu kulikuwa na sheria: msichana aliye kwenye siku zake haruki kikapu, hagusi kamba, hashuki kwenye nguzo. Walisema samaki watahama. Lakini binti naye hawezi kumwambia baba yake, "Papa, leo niko na damu." Basi nilipofika miaka kumi na mitatu, mama alinipa uzi mweusi wa kushonea nyavu. Damu ikianza, nilifunga fundo moja na kuutundika uzi kwenye msumari wa mlango wa jiko. Papa akiuona, alijua. Hakuuliza kitu. Alienda mtoni bila mimi. Damu ikikatika, niliutoa, nikaacha nafasi ya upana wa kiganja, nikangoja fundo la mwezi unaofuata.

Kuna kitu nilichoongeza mwenyewe. Siku ambayo maumivu yalinilaza chini nisiweze kusimama, nilichana kipande chembamba cha kitenge na kukifunga karibu na fundo. Kipande kimoja kwa siku moja. Nilikuwa mtoto, nafikiri nilitaka mtu aone.

Hakuna aliyesema kwamba ameona.

Mwanzoni kilikuwa kipande kimoja kwa mwezi. Maumivu yalianza chini ya kitovu, yakashuka kwenye mapaja, yakazunguka mpaka mgongoni. Nilitapika. Nilikaa na magoti kifuani, jasho baridi likinitoka. Mama alisema, "Ukizala itaisha. Hata mimi nilikuwa vile." Nilipofika miaka ishirini na kitu, kwenda haja kubwa siku za damu kulikuwa kama kupitisha kioo kilichovunjika. Hapo mama akatoa puare, ule mpira mwekundu wa kupigia lavema, dawa ya kuingizwa kwa nyuma, ambao haukosi katika nyumba zetu.

"Tumbo iko chafu," alisema. "Lazima tusafishe."

Alichanganya tangawizi, mizizi na pilipili. Wanaoijua lavema ya pilipili wanajua. Mtu mwenye afya anaruka. Mimi nilizimia mlangoni pa choo. Nilipozinduka, mama alikuwa ananipepea na mfuniko wa sufuria na kusema, "Unaona? Uchafu njo inatoka." Simlaumu. Alipigwa lavema hiyo hiyo na mama yake.

Ndipo nikaanza kutembea, na kutembea kwangu kukausaidia ugonjwa kujificha. Barumbu muuguzi aliniambia ni minyoo. Bengamisa waliniambia ni infection, nikameza dawa za kuua vijidudu mpaka kinywa kikawa na vidonda. Banalia, ndoa yangu ilipokaa miaka minne bila mimba na mume akachoka kuniona nauma meno kila tulipolala pamoja, mama mkwe alinipeleka kwenye chumba cha maombi. Waliniambia nina bwana wa kiroho ananionea wivu. Nilifunga siku tatu. Siku ya nne damu ilikuja na kuniangusha kama kawaida, na mama mkwe akasema, "Huyo bwana yako iko na nguvu kushinda mutoto yangu." Watu walicheka. Mimi nilifunga virago.

Kila bandari ilinipa jina jipya la ugonjwa, na kabla dawa ya bandari hiyo haijaonyesha kama inafaa au haifai, nilikuwa nimepanda mashua nyingine. Hakuna muuguzi aliyeniona miezi miwili mfululizo. Kitu kimoja tu hakikuniacha. Ulikuwa ule uzi. Ulipoisha niliuunga na mwingine. Sikuwa na papa wa kumpa habari wala vikapu vya kulinda, lakini mkono ulikwishazoea: fundo, kitambaa, kitambaa, kitambaa. Ulikaa ndani ya mkoba wangu ukiwa kibonge kama ngumi ya mtu mzima.

Nilikuwa na miaka thelathini na tisa nilipoanguka. Tulikuwa tunateremka Barumbu, mchana, jua kali, ndani ya ile mashua ndefu ya mbao tunayoiita baleinière. Nilikuwa nimekaa juu ya magunia ya chumvi. Damu ilipita kitambaa cha kwanza, ikapita cha pili, ikapita kitenge. Haikuwa damu ya kutiririka tu. Yalitoka mabonge, laini kama maini. Nahodha, mzee mmoja mnene anayependa utani, tunayemwita tonton, alinigeukia.

"Tantine, shuka kwa ile chumvi, kaa chini! Uko nageuka mweupe kama kwanga!"

Kwanga ni mkate wetu wa muhogo, na nilitaka kumjibu kwa utani. Nikaona mto unasimama wima kama ukuta, halafu sikuona tena.

Barumbu walinifunga dripu na kunirudisha Kisangani na mashua inayopanda. Papa alinisubiri bandarini. Aliita toleka, baiskeli ya kubeba watu, nikapandishwa nyuma, na mzee yule wa miaka zaidi ya sabini alitembea kando yangu njia yote mpaka hospitali, mkono wake mgongoni mwangu ili nisianguke. Kabla ya siku hiyo papa hakuwahi kunigusa mgongo.

Damu yangu ilikuwa imekwisha kabisa. Mdogo wangu Mado alitoa yake. Kesho yake asubuhi alikuja daktari mwanamke, mdogo kuliko mimi, mtoto wa wafanyabiashara waliotoka Butembo. Aliketi kitandani kwangu, kitu ambacho madaktari hawafanyi.

"Mama, ile maumivu inaanzaka siku gani?"

"Sijue, docteur. Iko tu."

"Mbele ya damu, ama nyuma ya damu? Fikiri muzuri."

Nilikuwa nimechoka kuulizwa. Minyoo, infection, bwana wa kiroho. Nilingoja aniambie jina lake nalo niende zangu. Papa alikuwa amesimama dirishani, kofia mkononi, amegeuka kuangalia nje kama wanaume wanavyofanya mambo ya wanawake yakitajwa. Akiwa bado amegeuka, alisema:

"Docteur, huyu iko na uzi."

"Uzi gani, papa?"

"Béa, toa ule uzi niliona kwa mukoba yako."

Niliona haya mpaka masikio yakapata moto. Sikuusogeza mkono. Ndipo papa alikuja, akafungua mkoba wangu mwenyewe, akatoa kile kibonge, akaanza kukikunjua juu ya shuka ya hospitali. Vidole vyake ni vya mvuvi, vinene, lakini kwa nyuzi havikosei.

"Hii fundo njo damu. Hii kitambaa njo siku mutoto alilala chini. Hapa zamani ilikuwa moja. Angalia hapa: tatu. Angalia hapa sasa: kitambaa imepita mbele ya fundo, siku mbili mbele. Na hii upande ya mwisho, docteur, hakuna tena nafasi. Kitambaa, kitambaa, mwezi muzima."

"Papa," nilisema, "ulikuwa unaelewa?"

Aliendelea kukunjua uzi. "Nilikuwa naona kila mwezi kwa musumari. Nilisema ni mambo ya banamuke. Miye nilikuwa nachunga samaki."

Nyumba nzima ilikuwa imehesabu siku zangu ili kulinda samaki. Yaliyonipata mimi katika siku hizo hakuna aliyeyahesabu, ingawa yalikuwa yamefungwa pale pale kwenye uzi ule ule.

Daktari alichukua kalamu. Aliupitisha uzi kati ya vidole pole pole, akaandika kila alichoona. Halafu alinipima kwa mikono, mbele na nyuma, akanipiga ekografi, ile picha ya ndani ya tumbo. Kizazi changu kilikuwa kimevimba kama cha mimba ya miezi mitatu. Kwenye kifuko cha mayai cha kushoto kulikuwa na uvimbe uliojaa damu ya zamani. Alisema damu ya namna hiyo, ukiifungua, ni nyeusi kama mafuta ya mota.

"Mama, hii inaitwa endometriosis," alisema. Alitamka mara tatu mpaka nikaweza kuirudia.

Nitaeleza kama alivyonieleza, maana kwangu kuelewa kulikuwa nusu ya dawa. Ndani ya kizazi kuna utando laini. Kila mwezi homoni moja, estrojeni, inauambia: jenga. Nyingine, projesteroni, inasema: tosha, tulia. Mimba isipoingia utando unabomoka na kutoka na damu. Sehemu ya damu hiyo hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika ndani ya tumbo. Hiyo hutokea kwa wanawake wengi, na mwili husafisha. Kwangu seli za utando hazikusafishwa. Zilishika nyuma ya kizazi, kwenye kifuko cha mayai, kwenye utumbo mkubwa, zikaota huko.

"Kama Kongo ya sika," nilimwambia. Hayo ni majani yanayoelea mtoni. Yanakatika huku, yanakwenda na maji, yakigusa ukingo wowote yanashika na kuzaa mengine. Watu wa mashua tunayachukia maana yanakamata mota.

"Njo vile!" alisema, akacheka. "Na hii Kongo ya sika iko na akili."

Akaniambia akili yake. Seli zile zilizohama zinajua kujitengenezea estrojeni zenyewe, hazingoji kuletewa. Ndani ya seli kuna kitu kama masikio ya kusikia homoni, na zile zangu zilikuwa na masikio machache ya projesteroni. Zikiambiwa tosha, hazisikii. Kila mwezi zinavuja damu kidogo mahali ambapo damu haina mlango wa kutokea. Askari wa mwili wanakuja kuzifukuza, lakini badala ya kumaliza kazi wanamwaga kemikali za kuita wenzao, na mahali pote panavimba na kuwaka. Kemikali hizo hizo zinaita mishipa mipya ya damu, ambayo inazilisha seli, na neva mpya, ambazo zinapeleka maumivu. Ndiyo sababu vitambaa vyangu viliongezeka mwaka kwa mwaka. Panapopona panabaki kovu, na kovu linagandisha utumbo na kizazi kama gundi. Ndicho kile kioo nilichokuwa napitisha chooni. Seli nyingine zilikuwa zimezama ndani ya nyama ya kizazi chenyewe. Nyama hiyo ikivimba haiwezi kubana mishipa, na damu inakwenda bila breki.

"Kwa nini kwangu? Mado iko muzima."

"Hapo, mama, hata bakubwa ya science bado banatafuta. Lakini si minyoo. Si bwana ya kiroho. Na si uchafu. Ile lavema ya pilipili, tupa leo."

Nilicheka na kulia pamoja. Seli zangu zilikuwa watembezi kama mimi, zisizojua kukaa kwao.

Kisha aliniuliza ninataka nini. Hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilimjibu bila kufikiri: "Nataka kupanda mashua bila kuuliza tarehe." Hilo tu.

Alisema tuanze na sindano ya kila miezi mitatu, ile ile ya uzazi wa mpango, maana ina dawa inayofanana na homoni ya kusema tosha, kwa sauti kubwa zaidi. Hapo ndipo vita ilipoanza. Mama, aliyekuwa ameketi mlangoni, alisimama.

"Docteur, mutoto yangu hana hata mutoto moja, na weye unapiga ye sindano ya kukataza mimba? Unatia maji kwa mutu mwenye iko nazama?"

Na siku ya sindano, muuguzi mmoja alisoma karatasi yangu, akanitazama juu mpaka chini. "Planning? Mama, unapanga nini tena?" Wanawake kwenye benchi waligeuka. Nilipandisha mkono wa blauzi. "Napanga kusimama," nilimwambia. "Piga."

Sindano ilinisaidia. Vitambaa vilipungua nusu. Niliweza kwenda haja bila kushika ukuta. Lakini kizazi kilichovimba hakikutulia. Mwezi wa nane tangu sindano ya kwanza, damu ilirudi na mabonge yake, Mado akatoa damu tena, na daktari alinieleza kwamba sasa ni kisu. Atatoa kizazi na kifuko cha kushoto. Cha kulia atakiacha ili mifupa yangu isikauke mapema. "Lakini mama, kisha hapo hautazala."

Nilikuwa na miaka arobaini. Nililia siku mbili. Niliwalilia watoto niliokwishawapa majina kwenye mashua, nikiwa nimeegemea magunia. Mama alikaa nami, na siku ya tatu ni yeye aliyenifungia nguo za hospitali ndani ya kitenge chake kizuri. "Nilisema ukizala itaisha," aliniambia. "Nilidanganya bila kujua. Twende."

Upasuaji ulichukua saa nyingi. Daktari aliniambia alikuta kila kitu kimegandana, akatenganisha kidogo kidogo. Kipande kimoja kwenye utumbo alikiacha, maana kukikata kungeleta hatari kubwa kuliko kukiacha. Kwa hiyo siwaambii kwamba nimepona kama mtu anavyopona malaria. Ninameza vidonge vya ile homoni ya tosha ili kilichobaki kilale. Ninarudi kwa daktari yule yule, si mwingine, hata nikiwa mbali kiasi gani.

Wiki ya kwanza nilitembea kutoka kitandani mpaka mlangoni, mkono juu ya mshono. Wiki ya pili mpaka jikoni, mama akinipikia lituma laini, ndizi za kuponda, na mchuzi wa samaki. Wiki ya sita niliruhusiwa kubeba ndoo. Siku hiyo papa aliniita kwenye nguzo za mitego. Alilaza kikapu kimoja mbele ya miguu yangu.

"Ruka."

"Papa, sina damu tena. Hata nikiruka hakuna kitu."

"Najua. Ruka tu. Ulikuwa nangojaka tangu mutoto."

Niliruka, taratibu, kwa sababu ya mshono. Kisha alikwenda jikoni na koleo, akang'oa ule msumari mlangoni. Mado ana binti wa miaka kumi na miwili. Papa alimwita, akamwambia kwa sauti, mbele yetu wote: "Weye, siku ikifika, kama unaumwa, utasema na mudomo. Hata kwangu." Mtoto alikimbia kwa haya. Lakini amesikia.

Ninamshukuru Mungu aliyeniweka hai mpaka nikamkuta mtu wa kusikiliza. Ninamshukuru daktari yule, Mado kwa damu yake mara mbili, na mama, ambaye siku hizi anaenda nyumba kwa nyumba kuwaambia wenzake waache pilipili. Wewe unayesoma ukiwa umelala chini, nakuomba: maumivu yanayokuzimisha si desturi ya wanawake, ni ugonjwa. Andika siku zako, za damu na za maumivu, mbele na nyuma, na umpe daktari hesabu hiyo mkononi. Kaa mahali pamoja muda wa kutosha ili akujue. Usione haya kwa sindano wala kwa watu wa kwenye benchi. Na usifikiri lazima ufanyiwe kama mimi. Ningeonwa nikiwa na kitambaa kimoja, huenda vidonge vingetosha, na leo ningekuwa naitwa mama fulani.

Nilipopanda mashua kwa mara ya kwanza baada ya ugonjwa, papa alinisindikiza bandarini. Nahodha ni yule yule tonton mnene. "Ah, kwanga yangu imerudi na rangi!" alipiga kelele. Papa alitoa mfukoni uzi mpya wa nyavu, mrefu kuliko wa kwanza.

"Papa, ya nini tena?"

"Funga fundo moja kwa kila safari."

Ninaandika haya Barumbu, nimekaa juu ya gunia la chumvi, nikingoja wateja. Sijui leo ni tarehe ngapi. Uzi uko mkobani, una mafundo kumi na moja, na hakuna kitambaa.